Nyoka wa Mbao wa Msamala

Jumatano, 18 Juni
Nimepanda tena. Asubuhi ya nne. Utaratibu ni uleule: kabla Nyoka hajafunguliwa kwa watu, karani wa ofisi yetu ya ukaguzi apande peke yake, ashuke, atie sahihi. Wakubwa walisema kazi hiyo inafaa kijana. Nyoka ni treni ya mabehewa manne ya kuchezea, inakimbia juu ya reli za mbao zilizomzidi baba yangu umri. Inapanda kilima cha mbao polepole, kisha inakutupa. Leo kwenye kona nimegonga mbavu. Nimejing'ata ulimi. Damu imedondokea fomu. Nimejaza nyingine.

Naichukia treni hii. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 19 Juni
Mwenye Nyoka ni Mzee Kalinga, Mhehe. Alimleta kwa malori matatu kutoka Iringa. Fundi wake ni Ngonyani, Mngoni wa hapahapa Msamala. Ni watani. Kutwa wanatukanana. Mimi natoka Singida, nina miezi sita tu hapa. Mwanzoni nilidhani watauana. Ofisini wakanifundisha: wakitaniana, cheka, usijifanye mgeni.

Leo nilikuwa na kalamu mkononi Ngonyani aliposema, "Dada karani, huyu mla mbwa anataka kunizika. Nguzo ya tisa imeoza, kaipaka rangi kama bibi harusi."

Mzee akajibu, "Mla panya wewe. Siku nikikuzika, pombe yote ya msibani nitamaliza mimi."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nikatia sahihi.

Ijumaa, 20 Juni
Pale kwenye nguzo ya tisa reli inanepa. Nimeihisi mgongoni. Nimetia sahihi.

Jumamosi, 21 Juni
Ngonyani alinisubiri getini. Hakutania. Alinishika mkono akanipeleka chini ya kilima, akachomeka bisibisi kwenye nguzo ya tisa. Ikazama hadi mpini. Mchwa.

Mzee Kalinga akatukuta. Alimpiga Ngonyani spana ya mdomo. Meno mawili yakaanguka vumbini. Akampiga tena, mwenzake akiwa amepiga magoti. Mimi nilisimama tu, nimekumbatia faili.

Nikampigia bosi simu. Akasema hao ni watani, niwaache. Kesho Jumapili, shule zimefungwa, watu watajaa. Sahihi iwepo saa tatu. Akaongeza kwamba vijana wenye shahada wanaotafuta kazi ni wengi.

Mimi ni mwoga. Naandika hivyo nisije nikajidanganya baadaye.

Jumapili, 22 Juni
Nilitia sahihi.

Kisha Mzee akataka nipande na watu safari ya kwanza, waone ofisi haiogopi. Behewa la mbele. Nyuma yangu mama mmoja na binti zake wawili, wametoka misa ya kwanza. Tulipofika juu nikatazama chini. Ngonyani alikuwa pale, mdomo umevimba, anapigilia gogo kuegemeza nguzo ya tisa. Peke yake. Nilimpigia kelele atoke. Hakuinua hata kichwa. Treni ikatutupa.

Nguzo ikakatika. Reli ikazama. Behewa likalala ubavu, likaburuzika, kipande cha mbao kikanichoma pajani. Binti mdogo alivunjika mkono, mfupa nje. Lakini sote tuliopanda tuko hai. Gogo la Ngonyani lilituzuia kidogo, labda kwa pumzi moja. Kilima kikamwangukia yeye.

Watu waling'oa mbao za Nyoka wakampiga nazo Mzee Kalinga. Mbao zenye misumari. Alilia akimwita Ngonyani. Nilitazama. Nilifurahi. Polisi walimwokoa akiwa na jicho moja.

Mtu mmoja akauliza kwa sauti ni nani aliyeruhusu. Nikavua kitambulisho changu, nikakificha kwenye soksi.

Jumatatu, 23 Juni
Nyuzi kumi na moja pajani. Bosi alikuja wodini na maelezo yaliyokwisha kuandikwa, na kalamu. Yanasema fundi hakuwahi kuniambia lolote. Alinyoosha shuka langu kama mzazi, akaniomba nitie sahihi tu, basi.

Nilimwambia mkono unauma. Alipoondoka nikamwomba muuguzi aniitie askari. Nimeeleza yote: bisibisi, spana, simu, sahihi zangu zote. Kurasa tatu.

Kazi sina tena. Pengine hata jela nitakwenda.

Jumatano, 25 Juni
Walimzika Ngonyani jana. Leo wameniruhusu kutoka. Nilikwenda kwao kwa mkongojo, nikisimama kila baada ya hatua chache. Mama yake alikuwa mkekani uani, na wanawake wawili. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba.

Nikasema, "Mama, mimi ndiye niliyetia sahihi. Alinionyesha, na bado nikatia."

"Najua," akasema.

Wale wanawake hawakuniangalia.

"Kaa. Mchele huu una mawe."

Akanisogezea ungo. Nikanyoosha mguu, nikachambua. Mchele ulikuwa mwingi. Hakuna aliyeniambia niondoke.