Leo Nimeiangusha Konstantinopoli

Mpendwa Baba,

Leo nimeiangusha Konstantinopoli! Mimi mwenyewe, kabla ya saa ya chakula, mbele ya wanafunzi wangu wa historia, hapa hapa shuleni Alief. Wewe ndiye ningekupigia simu kwanza, hata kabla ya Mama. Ni miaka miwili sasa tangu tukuzike, kwa hiyo acha nikuandikie, na asome anayetaka.

Unakumbuka safari zetu za Jumapili kwenda kanisani Pearland? Mama alikuwa zamu hospitalini, tukabaki wawili ndani ya lile gari la kijani, na kila safari ilikuwa na mfalme wake mmoja wa Bizanti. Ulianza na yule aliyeuhamisha mji mkuu wa Roma akaupeleka mashariki, Konstantinopoli, ukaja kwa yule aliyetaka kutoroka wananchi walipoasi, mkewe akamwambia heri afe na taji kichwani. Uliigiza sauti zote, hata za farasi! Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kwangu hakukuwa na mwalimu mwingine duniani.

Tatizo lako lilikuwa moja: hukumaliza. Kila tulipokaribia wafalme wa mwisho ulisema, "Hebu turudi nyuma kidogo, kuna mmoja nilimruka." Basi nikaamini himaya ile bado ipo. Shuleni tulipopewa mtihani, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa kwamba Bizanti inatawala mpaka leo. Mwalimu akalisoma jibu langu kwa sauti, na darasa zima likacheka huku likipiga madawati.

"Dad, you lied to me!" nilikufokea ulipokuja kunichukua. "It fell! 1453! Everybody knows!"

"Aii, mama," ukasema, bado umevaa fulana ya kung'aa ya kule ghalani Stafford. "Sikudanganya. Ni vile tulikuwa hatujafika."

Jumapili iliyofuata nikaziba masikio kwa vipokea sauti vyangu. Ulijaribu mara mbili tatu, halafu ukaacha. Nikajiona nimeshinda. Hatukurudi tena Bizanti mpaka ukaugua ukafariki, na mimi sikuwahi kukuomba turudi. Hilo linaniuma, Baba, linaniuma sana.

Leo ikawa zamu yangu. Niliwapa yale makuta yaliyozuia majeshi karne na karne, nikawapa mnyororo uliotandazwa majini kuzuia meli, nikawapa mizinga, nikalia kama farasi! Wakatulia tuli. Hata Espérance, binti wa Kikongo anayesinzia kila kipindi changu, aliinua kichwa. Nikafika asubuhi ya mwisho. Ukuta umebomoka, adui wanamiminika, na mfalme wa mwisho, inasemekana, akavua alama zote za ufalme, akajitosa vitani kama askari wa kawaida. Hakuna aliyemtambua tena.

Hapo nikakwama, kwa sababu nilikuona wewe. Ulikuwa mwalimu mkuu kule Kakamega, shule nzima ikisimama ukiingia. Ukavua tai, ukaja huku ughaibuni kubeba maboksi Stafford ili Mama afanye kazi yake na mimi nisome. Kwa wiki nzima ulibakiwa na dakika arobaini za kuwa mwalimu, mle garini, na mwanafunzi mmoja. Na mwanafunzi huyo akaziba masikio.

"Sasa Miss," Espérance akauliza, "hakuna mutu alimujua kama ni mfalme?"

"Mtoto wake alijua," nikamjibu. "Alichelewa tu kumwambia."

Ni kosa, Baba, najua. Mfalme yule hakuwa na mtoto. Kesho nitawasahihishia.

Wako, kwanza mwanafunzi, kisha binti.