Bidonge ya Baba Liévin

Baba Liévin,

Umelala, sikukuamusha. Bukari iko mu sahani ya kufunika. Kula kidogo. Sukari ya chai niliificha, usiitafute.

Bidonge yako ya levure, ile chachu, iko hapa ku meza. ~~Nilibitupa mu choo.~~ Sikubitupa. Bimeze tu, vitamine haiko mubaya. Lakini haiwezi kukamata nafasi ya insuline, dawa ya bugonjwa yako ya sukari. Mwezi muzima sasa unarudisha infirmier Adrien na sindano yake, juu unasema bidonge binaponyesha miguu, haikuchomi tena.

Leo asubui ulitoka ku kazi ya treni na baridi, ukakaa kuota moto. Ulikuwa unanisimulia habari ya bantu ya Sakania, unacheka. Nilisikia arufu ya nyama kuungua. Ilikuwa kisigino yako, ku mbabula ya makala, na wewe ulikuwa ungali unacheka.

Nilipofunga kitambaa ukasema ni kintu kidogo. Nikatoka inje, nisilie mbele yako.

Naenda kuita Adrien. Usivae viatu. Na leo usimurudishe.

Miguu yako haikupona, Baba Liévin. Iliacha kusikia maumivu.

Mama Liévin