Bibi Polepole wa Kwenye Wimbo

MAELEZO YA SHAHIDI WA TATU
Shauri: udanganyifu juu ya nyimbo za marehemu, na shambulio ukumbini
Jina: lipo kwenye jalada, wote humwita Mama Kibonge
Umri: miaka 24
Kazi: mshonaji wa mapazia
Makazi: chumba cha uani, nyuma ya duka la vyombo vya plastiki

Nasema haya kwa hiari yangu na akili zangu timamu, ingawa usingizi sina. Mtoto nimempakata. Akilia, afande atanivumilia.

Marehemu mwimbaji tulimwita Kengele. Mimi ni shabiki wake tangu nikiwa shule, na niko kwenye chama cha mashabiki ambacho mwenyekiti wake ni fundi baiskeli. Kengele alikuwa na desturi moja. Kila Jumapili alimpigia simu shabiki mmoja, mgonjwa, aliyefiwa au aliyejifungua, akamwimbia. Wimbo huo ulikuwa wako peke yako. Kurekodi ruksa, kusambaza marufuku. Hakuna aliyewahi kusambaza.

Zamu yangu ilifika mwaka jana. Mwanangu alikuwa na miezi miwili, halali na mimi silali, na baba yake yuko kambini kwenye ujenzi wa barabara. Kengele alipiga mchana. Alikuwa anaumwa na pumzi inamkatikia, lakini aliimba: "Lala kifuani, Kibonge, mama yako amechoka." Katikati mtoto akaanza kuguna, nikamnyamazisha: shh, shh, polepole. Akalala. Kengele akacheka akaniuliza, "Mama, huyo nimemlaza mimi au wewe?" Nikamwambia tumesaidiana. Mwezi uliofuata akafariki.

Msimamizi wa mirathi ni kaka yake mkubwa. Alikuja kwenye mkutano wetu, akasema anatengeneza chumba cha kumbukumbu ili watu wasikie zile simu za Jumapili. Alilia mbele yetu. Tukampa kadi za kumbukumbu za simu zetu, zenye rekodi hizo, kila mtu ameandika jina lake kwa kalamu. Alisema baada ya wiki atazirudisha. Kila nilipompigia alikuwa njiani. Sijui ni njia gani hiyo isiyofika.

Mnamo tarehe 2 mwezi uliopita nilikuwa kazini napinda pindo, redio inaongea. Wakatangaza wimbo mpya wa mapenzi wa Kengele, uliorekodiwa studio siku zake za mwisho. Nikasikia ngoma, kisha "Lala kifuani", "lala kifuani", bila Kibonge na bila mama yake. Halafu nikajisikia mwenyewe: shh, shh, polepole. Sindano iliingia kidoleni. Mtangazaji akauliza huyo mrembo ni nani, na kabla ya jioni watu walishampa jina, Bibi Polepole, kimada wa siri wa marehemu. Watu wakawa wanasalimiana hivyo barabarani. Hata mteja wangu mmoja alinisalimia hivyo, akacheka, na mimi nikacheka naye ili nisilie.

Mume wangu alirudi wiki hiyo. Alikaa kitandani bila kuvua viatu. Akasema, "Kambi nzima inamcheka mume wa Bibi Polepole, na hawajui wanamcheka nani. Mimi najua unavyonyamazisha." Nikamweleza habari ya simu. Akasema basi nimsikilizishe. Kadi sina. Akachukua blanketi akaenda kwa mama yake, na mpaka jana hakuwa amerudi kulala.

Mnamo tarehe 5 mwezi huu, asubuhi, mama mmoja aliyevaa miwani myeusi aliniletea mapazia ya kupunguza. Sikumtambua. Mtoto akalia chini ya meza, nikamnyamazisha huku napima kitambaa. Yule mama akaangusha mapazia. Akasema, "Ni wewe." Alikuwa mjane wa Kengele.

Nilimwomba akae. Nilimweleza yote. Nilipomaliza alimtazama mtoto. Akasema, "Mdogo wangu, mwezi mzima nimekulaani wewe na kizazi chako. Ndiyo kizazi chenyewe hiki?" Nikasema ndiyo. Akainama akampandishia soksi iliyokuwa inamvuka.

Kisha akaniambia kadi zote ziko nyumbani kwake, kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Shemeji yake aliziacha pale kwa sababu anamwona hamnazo. Nilisema twende polisi. Akajibu, "Polisi baadaye. Kwanza aongope mbele za watu." Sifichi, afande, nilifurahi.

Mjane alimrudishia kila shabiki kadi yake. Mimi nikavunja desturi kwa makusudi, nikawapa wote wimbo wa mwanangu.

Mnamo tarehe 12, saa kumi alasiri, ulifanyika ukumbini uzinduzi wa nyimbo alizozitengeneza kutokana na simu zetu za Jumapili. Tulikuwa tumevaa fulana za Kengele na tumeketi kwa adabu. Kaka wa marehemu alipanda jukwaani akaomba tutoe simu zetu tuwashe taa kumuenzi ndugu yake. Hatukutarajia aturahisishie kazi kiasi hicho. Nikasimama na mtoto mgongoni, nikamuuliza kwa heshima, "Kaka, yule dada anayesema polepole ni nani?" Akasema, "Ni mpenzi wake. Nilikuwepo studio. Aliomba asitajwe." Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema, "Nilimwona kwa macho yangu."

Mwenyekiti akainua mkono. Simu zote zikaimba pamoja: Lala kifuani, Kibonge, mama yako amechoka. Zikamnyamazisha mtoto pamoja. Zikacheka pamoja na kuuliza huyo amelazwa na nani. Kaka wa marehemu alimtazama mjane. Mjane alivua miwani akasema, "Shemeji, ulimwona mtoto au ulimwona mama?" Ukumbi ukaangua kicheko. Hapo ndipo yule kaka aliposhuka, akanisukuma kwenye viti na mtoto mgongoni, akaninyang'anya simu akaitumbukiza kwenye beseni la soda. Nilichubuka kiwiko. Mtoto hakuumia. Hakuna shabiki aliyemgusa mtu wala kuvunja kitu. Akisema tulivunja spika, anaendelea na kazi aliyoizoea.

Nimeulizwa kama niko tayari tukasuluhishwe nje, kwa kuwa ameshaomba radhi kwa faragha. Siko tayari. Sikuchekwa kwa faragha. Nataka ashtakiwe, wimbo uondolewe, na asimame kwenye redio ileile aseme huyo ni Kibonge, na mimi ni mama yake. Akishasema, nataka arudie kwa ambao walikuwa hawajafungua redio.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kutendewa. Nimesomewa, nimeyakubali, sipunguzi neno.

Sahihi: (imewekwa)

Maelezo ya askari: Rekodi iliyo kwenye kadi ya shahidi, iliyopona kwenye soda, ilisikilizwa ofisini kama kielelezo, mlango ukiwa wazi. Mtoto, aliyekuwa akilia, alilala kabla haijaisha. Baba yake, aliyekuwa kwenye benchi la nje, aliingia bila kuitwa, akavua koti akamfunika, akasimama nyuma ya kiti cha shahidi. Mtuhumiwa, aliyekuwa chumba cha pili, aliomba rekodi izimwe. Shahidi aliomba irudiwe. Ilirudiwa.