Sindano Ichemke Kwanza

Machimboni, Geita
8 Machi 1953

Mwanangu Justa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, sijui mvua imewafikaje huko Shinyanga. Hapa kambini dresa, yule msaidizi wa daktari, anatupima damu, anatafuta ugonjwa wa malale. Ana sindano moja. Akimchoma mtu mkononi anaifuta kwa kitambaa, anamchoma anayefuata. Watu wanacheka: "Tumekwisha kuchanjiana damu, sasa ni ndugu!" Rafiki yangu Mihayo alipimwa juzi, mkono umevimba kama paja. Zamu ya kundi letu ni baada ya Pasaka. Mihayo na maumivu yake bado ananitania, eti kusomesha binti ni kunenepesha ng'ombe wa jirani.

Baba yako,
Mabula

Shinyanga
17 Machi 1953

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, ila barua yako imeninyima raha. Nimemwuliza Sista Scolastika, anayetufundisha afya. Wanaochanjiana ni watu waliokubaliana, Baba. Sindano haimwulizi mtu. Inachukua damu ya mgonjwa na kumtilia mzima, pamoja na ugonjwa. Kitambaa hakiui vijidudu.

Usikatae kupimwa, malale yanaua. Lakini sindano ichemke kwanza kwa kila mtu, maji yatokote hasa, na dresa anawe kwa sabuni. Mihayo aende hospitali, asingoje. Dresa akikasirika, sema naye polepole. Wewe unajua kumtuliza fahali.

Binti yako,
Justa

Shinyanga
14 Aprili 1953

Baba,

Shikamoo. Pasaka imepita, sijapata neno. U mzima? Niandikie hata mstari mmoja.

Justa

Machimboni, Geita
26 Aprili 1953

Justa mwanangu, mayu, yaani mama yangu,

Marahaba, mara mbili. Nilikuwa hospitalini namwuguza Mihayo. Wamempasua jipu, amepona.

Siku yetu ilipofika nilisema, "Dresa, damu tutakupa, ila sindano ichemke." Akasema hana muda. Mpishi wetu Theonest akateleka sufuria palepale. Dresa akacheka: "Mnapika mchuzi wa sindano?"

"Ndiyo, bwana. Na mgeni wetu ni wewe."

Mstari mzima ukakaa chini, hakuna aliyenyoosha mkono. Mwishowe akanawa, akaitumbukiza sindano. Kila mtu akitoka, sindano inarudi kwenye maji. Tulimaliza jua likizama, na hadi leo hakuna mkono uliovimba. Sasa kila kundi linadai sufuria!

Mihayo ana binti, Limi. Anauliza shule yenu inapokea wanafunzi lini. Nikamwambia, "Unataka kunenepesha ng'ombe wa jirani?"

"Wa kwangu, Mabula. Andika upesi."

Baba yako mwenye mkono mzima,
Mabula