Jiwe la Mlangoni

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Bibi yako bado anakohoa, na mtama umekauka. Unaliomba lile jiwe la kijani linalozuia mlango wetu, ukalipime chuoni.

Nililitoa katika mgodi wa shaba wa huku mlimani, nikiwa kijana. Chini tuliacha nguzo ya mwamba ishikilie dari, nayo ndiyo iliyokuwa na shaba nyingi. Kila mtu akitoka alimega kidogo. Siku moja nilimega hilo, nikatangulia kupanda. Kaka yangu Yohana alikuwa bado chini dari ilipoanguka. Mengine siandiki.

Wenzangu walinifariji kwamba jiwe moja haliangushi nguzo. Kila mmoja wao alikuwa na lake nyumbani.

Liache hapa. Kila asubuhi nalisogeza kwa mkono uleule uliolimega.

Babu yako