Sketi ya Furaha juu ya televisheni

Bunia, siku ya ine, Alhamisi. Mvua inanyesha tangu asubuhi, mtaa wetu wa Mudzipela wote ni matope, na mimi sina nguvu ya chochote.

Mdogo wangu Furaha anafika siku ya posho, Jumamosi, kutoka Kisangani, anakosomea. Miezi miwili iliyopita alinitumia foto kwenye simu: sketi ya kroshe, matundu matupu, ya kuvaa juu ya nguo ya kuogelea. Alitaka nimfumie moja kama hiyo. Siku ya yenga, Jumapili, tutashuka Tchomia, sisi wawili na mama, na lazima aivae pale ziwani. Mama alipoiona ile foto alicheka mpaka akajipanguza machozi. "Sasa hii inafunika nini?"

Nilikubali kwa kiburi. Kroshe naijua, mama ndiye aliyenifundisha. Ila sisi tulifuma vitambaa tu: vya viti, vya meza, vya redio. Katika nyumba ya mama, mgeni akiwa njiani, hakuna kitu kinachobaki bila kitambaa.

Nilianzia chini, kwenye pindo, nikapanda. Wiki iliyopita nilifika kiunoni, nikaiacha kwenye kikapu, nikaenda kazini.

Niliporudi, televisheni ilikuwa imeivaa.

Mama alikuwa ameendelea pale nilipoachia. Alipunguza mzunguko kwa mzunguko mpaka akaifunga juu kabisa, na katikati akaweka ile nyota yake ya ncha nane. "Tunapata mugeni," akaniambia, akizungusha mkono sebuleni. "Salon haiwezi kubakia vile." Nilicheka, nikafumua.

Juzi akaifunga tena. Hapo sikucheka. Nilifumua tena, nikaficha kikapu juu ya kabati, naye akakipata. Mama hakumbuki kama amekula, lakini uzi anaupata popote.

Niseme ukweli hapa, maana kwenye simu siusemi. Kila Furaha akiuliza, ninamjibu kwamba mama iko muzuri, anazeeka tu. Mara ya kwanza nilisema hivyo asije akaogopa, alikuwa na mitihani. Baadaye sikujua nianzie wapi. Daktari alisema kusahau huku hakutapona, tuzoee. Mama ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa, na mimi ninaitika.

Leo nimeikuta imefungwa mara ya tatu. Nilikasirika, najuta kusema. Nilikaa mbele yake nikaanza kuvuta uzi, na nyota ikaanza kwenda. Aliitazama mikono yangu, akauliza polepole, bila ukali: "Weye, nani alikutuma kuharibisha kazi ya mama ya watu?"

Niliacha kuvuta.

Nikachukua sindano ya kroshe nikaanza kuirudisha ile nyota. Nilipokosea ncha ya tano, alinyoosha kidole akanionyesha pa kupitisha uzi. Hakukosea hata mara moja. Tulipomaliza alikwenda mwenyewe kuitandika juu ya televisheni, akanyoosha pindo pande zote, akarudi kukaa.

Halafu akaniita jina langu. Langu mimi, kwa sauti yake ya zamani.

"Furaha anafika posho. Ile sketi yake ulifikisha wapi?"

Nilimtazama. Alikuwa anangoja, macho yake yote yako hapa.

"Karibu inaisha, mama."

"Fanya mbio basi. Mutoto asifike akute bado."

Nimejifungia chumbani kuandika haya. Uzi umebaki, siku mbili zipo, na nikikaza naweza kufuma hata nyingine fupi. Sitafuma. Posho Furaha ataingia salon, atamsalimia mama, ataniuliza sketi yake iko wapi. Nitamwonyesha televisheni. Nimeshindwa kumwambia hali ya mama kwa mdomo miezi yote hii, basi aione mwenyewe, na nyota ya mama katikati.