Rangi Juu ya Vichwa Vyetu

Akiru mjukuu wangu,

Ejok, salamu nyingi. Hapa Lodwar tu wazima. Mjomba wako amefungua duka Kakuma, na yule mbuzi wako mweupe amezaa mapacha.

Umeniuliza utaolewaje na Deng, kijana wa Sudan Kusini, na nyimbo za kwao huzielewi. Nimekumbuka sinema niliyoiona nikiwa msichana. Ilikuwa hadithi ya mapenzi ya Waingereza wa kale, ila Wahindi walikuwa wameihamishia kwao na kuitia nyimbo. Shuka nyeupe ilitundikwa uwanjani jua lilipotua.

Kijana wa sinema alipoanza kumwimbia msichana, mama yangu akauliza, "Anaimba, na fahali wake yuko wapi?" Unajua kwetu mwanamume huimba akimsifu fahali wake. Wazee wakamhurumia yule maskini asiye na ng'ombe. Wakainuka kumsaidia, wakapiga makofi na kuruka kama ngomani.

Vumbi likapanda. Mwanga wa mashine ya sinema ukanasa ndani yake, na rangi za sari ya yule msichana zikatoka kwenye shuka, zikaelea juu ya vichwa vyetu. Mama akainua mkono, nao ukageuka mwekundu.

"Amemkubali," akanong'ona. Hakujua neno hata moja la Kihindi, na msichana alikuwa hajajibu bado. Kisha akajibu, na mama alikuwa amesema kweli.

Mlete Deng aimbe hapa nyumbani. Vumbi bado lipo.

Nyanya yako